Fahamu: Nyumba ya mbunge, nani analipa?

Masika yakichachamaa Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, matope huingia hadi mlangoni na watu huchota maji chumbani kwa ndoo. Bunge la Burundi hukutana Kigobe, mji huohuo. Kwa mtu wa hapa, makazi ya wabunge si swali dogo.

Serikali huwa na njia mbili: kutoa nyumba au posho. Nyumba hudai fundi, rangi na bati jipya. Bajeti ya ukarabati ikikosekana, huchakaa. Nyingine huishia kuuzwa: Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwauzia watumishi wake nyumba nyingi za serikali, uamuzi ambao bado unalalamikiwa.

Posho nayo ina mitego yake. Mwaka 2019 nchini Kenya, Tume ya Huduma za Bunge, ambayo wengi wa wajumbe wake ni wabunge, iliwapa wabunge shilingi 250,000 kila mwezi za nyumba. Kujipangia malipo namna hiyo ni kumwonea mlipakodi. Tume ya Mishahara (SRC) ilikwenda mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba posho hiyo haikuwa halali na fedha zirudishwe.