Adui anayekuja na ndoto tamu

Wazazi wenzangu, watoto wetu wanaitazama katuni ya Kijapani iitwayo Demon Slayer. Katika kisa cha treni ya Mugen, kilichotoka kama filamu mwaka 2020, kuna zimwi Enmu. Wino wa tikiti umechanganywa na damu yake. Tikiti ikitobolewa, abiria analala.

Enmu haanzi na jinamizi, huanza na utamu. Tanjiro, ambaye mamake na wadogo zake wanne waliuawa, anawaota wako hai nyumbani. Ili aamke, hujikata shingo ndotoni. Baadaye akakaribia kujikata akiwa macho, Inosuke akamzuia.

Hapo usimwache mtoto peke yake, hasa aliyefiwa. Mwambie: kumuota marehemu si kosa. Ukiamka, muombee dua, kisha uendelee na siku yako.