Deni la Taifa Halifutwi kwa Sheria Pekee

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Usemi huu haumhusu mtu mmoja tu. Hata mataifa humo. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, kwa miongo mingi imekuwa ikinunua kutoka nje zaidi ya inavyouza. Pengo hilo ndilo liitwalo nakisi ya biashara, na mara kadhaa imejaribiwa kuzibwa kwa sheria.

Mwaka 1987 nakisi hiyo ilifikia takriban dola bilioni 150. Tarehe 23 Agosti 1988, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyoitaka serikali izitaje nchi zinazozuia bidhaa za Marekani, kisha izibane zifungue masoko yao. Mwaka 1989 zikatajwa Japani, Brazil na India. Kufikia 1991 nakisi ilikuwa imeshuka hadi karibu dola bilioni 31. Hata hivyo, sifa kubwa haikuwa ya sheria: thamani ya dola ilikuwa imeporomoka tangu 1985, na kuzorota kwa uchumi kulipunguza manunuzi. Uchumi ulipopata nguvu, pengo likarejea. Mwaka 2006 lilizidi dola bilioni 700.

Septemba mwaka huo, maseneta Byron Dorgan na Russ Feingold waliwasilisha mswada uliofuata rai aliyoitoa tajiri Warren Buffett mwaka 2003. Rai yenyewe ni hii: auzaye nje bidhaa ya dola 100 apewe hati ya kiasi hicho, na atakaye kuingiza bidhaa ya dola 100 sharti kwanza ainunue hati hiyo. Kwa njia hiyo manunuzi yasingeweza kuyapita mauzo. Buffett alionya kwamba taifa litumialo kuliko linavyozalisha huishia kuwauzia wageni mali yake, na vizazi vijavyo ndivyo vitakavyolipa.

Je, ni nani angeubeba mzigo? Hapa ndipo mizani inapohitajika. Gharama ya hati ingeingia katika bei ya nguo na viatu, na mnyonge, ambaye pato lake lote huishia dukani, angeumia kwanza. Lakini aliyepoteza kazi kwa kufungwa kiwanda naye ni mnyonge vilevile. Mswada ule haukuwahi kuwa sheria.

Mwaka 2024 nakisi ilizidi dola bilioni 900, na Aprili 2025 Rais Donald Trump akatangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu kila nchi. Ama kiini cha maradhi hakimo bandarini. Taifa ambalo serikali yake hukopa kila mwaka, na watu wake huweka akiba haba, litahitaji daima mali na fedha za wengine. Ukizuia bidhaa za nchi moja, zitatoka nchi nyingine.

Naam, sheria yaweza kugawa maumivu kwa uadilifu zaidi. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na hakuna alipaye ambaye hajaacha kwanza israfu.