Imekatika au imekatwa?

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, simu zote za nyumbani kwetu Lubumbashi zilikosa intaneti. Kaka yangu alikuwa Goma kwa masomo. Mama, aliyezoea kusikia sauti yake kila jioni kwa WhatsApp, alisema kama kila mtu mtaani: «Rezo imekatika.» SMS hazikupita, RFI nayo ilikatwa hewani. Simu za sauti zilipita, lakini zinakula unite nyingi, kwa hiyo mama alipiga mara moja kwa juma. Hali hiyo ilidumu karibu majuma matatu.

Miaka mingi baadaye, katika somo la mnyambuliko wa vitenzi, nililikumbuka neno lile. Tunasema «kamba imekatika», na hapo mtendaji hayupo: hatuwezi kusema «imekatika na Juma». Kauli ya kutendeka inaeleza hali tu, kama mvua iliyonyesha au gari lililoharibika. Tukisema «imekatwa», mlango unafunguka: imekatwa na nani? Kwa sheria gani? Mwaka ule haikukatika. Serikali ya wakati ule ilieleza yenyewe kwamba ilitaka kuzuia matokeo ya uongo yasienee, na kampuni za simu zilitii.

Kuna mashirika Afrika ambayo kazi yake, kwa macho ya mwanaisimu, ni kugeuza -katika iwe -katwa. Hakuna shirika linaloweza kuifanya peke yake. Kwanza lazima ithibitishwe kwamba intaneti imezuiwa kweli, si hitilafu ya waya. Hapo wanaingia mafundi. OONI, kwa mfano, imetengeneza programu ambayo mtu wa kawaida anaiweka katika simu yake, nayo inapima tovuti zipi hazifunguki na zimezuiwa kwa njia gani. Vipimo vya watu wengi katika miji mingi vinakuwa ushahidi. Kisha muungano wa #KeepItOn, ulioanzishwa mwaka 2016 na kuratibiwa na Access Now, unapaza sauti: mamia ya mashirika kutoka nchi zaidi ya 100 yanaandikia serikali na kampuni za simu, mara nyingi kabla ya siku ya kura. Halafu wanakuja wanasheria.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Zimbabwe, kwa sababu karibu yote ni swali la mtendaji. Mwezi Januari 2019, wakati sisi bado tulikuwa gizani, serikali huko ilizima intaneti kwa sababu ya maandamano. MISA Zimbabwe na wanasheria wa haki za binadamu walikwenda Mahakama Kuu ya Harare. Tarehe 21 Januari jaji aliamua kwamba waziri aliyetoa amri hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Hakuingia sana katika uhuru wa kusema. Alitazama nani ametenda, akaona si yeye aliyepewa kazi hiyo na sheria. Intaneti ikarudi.

Togo ilichukua muda mrefu zaidi. Intaneti ilikatwa mwaka 2017 wakati wa maandamano, na Amnesty International Togo pamoja na mashirika mengine ya nchi hiyo wakapeleka shauri mbele ya Mahakama ya ECOWAS. Access Now na wenzao wakaongeza maelezo yao kama marafiki wa mahakama. Uamuzi ulitoka tarehe 25 Juni 2020: hakukuwa na sheria ya nchi iliyoruhusu kukata, na haki ya kujieleza ilivunjwa. Kila mlalamikaji alipewa faranga za CFA milioni 2. Si nyingi, lakini leo wanasheria wa nchi nyingine wanautaja uamuzi huo.

Kwetu swali la sheria ni gumu zaidi, maana sheria ya mawasiliano ya mwaka 2002 iliipa Serikali ruhusa ya kuzuia matumizi ya mawasiliano kwa ajili ya usalama wa umma. Hapa mtendaji alikuwa na karatasi mkononi.

Lawama yangu kwa miungano hii ni ya mtu wa lugha. Barua zao zinaandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, wakati aliyekatiwa anazungumza Kiswahili, Kibemba au Kiluba. Wapo wanaojaribu: Localization Lab inatafsiri programu za usalama kwa Kiswahili, na Mkenya Nanjala Nyabola aliwakusanya wataalamu kutafuta maneno ya haki za kidijitali katika lugha hii. Kazi ni ngumu kuliko inavyoonekana. Magazeti ya pwani yanaandika «kuzimwa kwa intaneti», vizuri kabisa, lakini msomaji akisimulia habari hiyo nyumbani anasema «imezimika», na mtendaji ametoroka tena.

Nilimweleza mama haya yote mwezi uliopita, mega zilipomwishia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: «Sasa hii ya leo, imekatika ao imekatwa?» Nilimwambia hii imekwisha tu, anipe franka nikamnunulie.