Kukata Stensili kwa Mkono

Mwalimu mwenye watoto 60 darasani hawezi kuchora ramani ya Tanzania mara 60. Akiichora ubaoni tu, kila mtoto ataiiga kwa mkono wake, na nchi itatoka katika maumbo 60. Stensili iliyokatwa mara moja huondoa taabu hiyo, mradi iwe imekatwa vema.

Karatasi ya daftari haifai, kwani hulowa na kujikunja baada ya chapa mbili tatu. Manila hukatika vizuri lakini hunywa rangi. Kwa hiyo isuguliwe mshumaa pande zote mbili, ifunikwe karatasi chakavu, kisha ipigwe pasi yenye moto mdogo mpaka nta iingie. Katoni la mawimbi litumiwe kwa maumbo makubwa tu, maana kingo zake huchanika. Bora kuliko zote ni filamu kuukuu ya eksirei, iliyolowekwa katika dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hata picha ikatoka. Hailowi, na kwa kuwa yaonesha, huwekwa juu ya atlasi na kufuatishwa kwa kalamu ya wino mzito. Kukata kufanyike juu ya ubao, si juu ya atlasi!

Hata hivyo, kosa linaloharibu stensili nyingi halitokani na karatasi. Chukua neno "baba". Herufi zake zote nne zina tumbo, na ukizikata bila kufikiri matumbo yote manne yataanguka. Hapana budi kuacha vishikizo, yaani vipande vyembamba vya milimita 3 au 4, viwili kwa kila tumbo. Katika ramani, Unguja, Pemba na Mafia hazina tatizo, kwa sababu kila kisiwa ni tundu lake lenyewe. Ziwa Rukwa, lililo ndani ya nchi pande zote, lahitaji vishikizo. Katika mazoezi yangu ya kufundisha nilisahau jambo hilo, na watoto wakapaka rangi ziwa zima likawa nchi kavu. Mtoto mmoja mwenye asili ya Sumbawanga ndiye aliyeniuliza ziwa limekwenda wapi.

Anza na sehemu ndogo, umalize na kubwa, kwani karatasi iliyokwisha kutobolewa sana hulegea. Penye kona za mviringo zungusha karatasi, wembe utulie. Nusu ya wembe ifungwe kitambaa, na kazi hii ifanywe na mwalimu mwenyewe.

Watoto wapewe rangi ya unga iliyokorogwa kwa uji mwepesi wa wanga wa muhogo, pamoja na vipande vya sponji ya godoro. Wagonge kwa wima, wasiburuze. Kuburuza husukuma rangi chini ya kingo. Mapengo ya vishikizo hujazwa kwa brashi rangi ikishakauka. Baadaye stensili ifutwe na kulazwa kati ya vitabu viwili, kwa maana ikitundikwa ukutani vishikizo hujikunja.