Bustani Juu ya Mawe ya Nyiragongo

Ukiona mtoto amevimba miguu na nywele zake zimekuwa nyekundu, yaelekea ana bwaki. Mpeleke hospitali upesi. Lakini ni afadhali kuzuia kuliko kuponya, na bustani ndogo ya nyumbani husaidia sana.

Labda utasema, "Kiwanja changu ni mawe matupu." Ni kweli, moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu ya mji wa Goma mwaka 2002. Hata hivyo, fanya hivi mwezi wa Agosti, kabla mvua ya Septemba haijaanza:

1. Chagua mahali penye jua. Usilime wala usifuge katika shimo au bonde lenye mazuku. Hewa hiyo haionekani. Ni nzito, hulala chini, nayo huua watoto na wanyama.

2. Panga mawe kama ukuta mfupi, ujaze udongo ndani. Udongo ukiwa kidogo, jaza gunia.

3. Changanya udongo na mbolea ya kuku au ya sungura iliyokwisha kuoza. Usitie mavi ya watu, maana huleta minyoo.

4. Panda lengalenga, utachuma baada ya wiki 4 hivi. Panda maharagi pia. Yatakomaa kwa miezi 3 hivi. Karoti ni nzuri kwa macho.

Osha mboga kwa maji safi, uzipike na mafuta kidogo. Majani peke yake hayamtoshi mtoto. Mpe maharagi na yai. Usiuze mayai yote sokoni. La kwanza ni la mtoto.