Mbawakawa Bapa wa Ukoo wa Silvanidae: Aina, Makazi na Suala la Majina Yao katika Mazingira ya Mahagi

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili akikuta mdudu mdogo ndani ya gunia la mahindi, humwita fukusi au dumuzi. Asipokuwa na hakika, humwita mdudu tu. Kutumia jina moja kwa viumbe wengi si kasoro ya lugha, kwani kila lugha hutaja kwa makini yale yanayowahusu wasemaji wake. Hata hivyo, pale ambapo hatua ya kuchukua inategemea ni mdudu yupi aliyeonekana, uhaba wa majina una gharama yake. Makala haya yanakusudia kueleza ukoo mmoja wa mbawakawa, yaani Silvanidae, na kuonyesha umuhimu wa kuutambua katika eneo la Mahagi, mkoani Ituri.

Sifa na aina

Silvanidae ni ukoo mdogo ukilinganishwa na koo nyingine za mbawakawa. Una takriban spishi 500 zilizogawanywa katika jenasi zipatazo 58, na wengi wao huishi katika nchi za joto. Wataalamu huugawa katika nusu-ukoo mbili, Brontinae na Silvaninae. Wengi wana urefu wa milimita chache tu, rangi ya kahawia, na mwili mwembamba uliobanwa kutoka juu. Umbo hilo bapa lina kazi: humwezesha mdudu kupenya kati ya gome na mti, mahali ambapo adui mwenye mwili mnene hafiki. Katika jenasi ya Uleiota, iliyo ya Brontinae, vipapasio ni virefu sana. Kwa Silvaninae wengi ni vifupi, na ncha zake zimevimba mfano wa rungu.

Makazi

Makazi ya asili ya ukoo huu yanadokezwa na jina lake, lenye asili ya neno la Kilatini silva, yaani msitu. Wengi hukaa chini ya magome ya miti iliyokufa, wakila kuvu zinazoota katika unyevu wa gome linalobanduka. Wengine, kama wale wa jenasi ya Psammoecus, hukaa katika majani yaliyoanguka na mimea inayooza. Hawaui mti mzima. Huufuata uliokwisha kufa, na hivyo wana sehemu yao katika kuurudisha udongoni.

Yako pia makazi ya ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtaalamu wa Kimarekani William Morton Wheeler alieleza habari za mbawakawa wa Guyana waitwao Coccidotrophus socialis, ambao huishi kwa makundi ndani ya vikonyo vyenye uwazi vya majani ya mti wa Tachigali. Humo hukaa pamoja na vidung'ata, nao huwapapasa kwa vipapasio ili watoe majimaji matamu. Wheeler huyo huyo ndiye aliyechapisha mwaka 1922 utafiti mkubwa juu ya sisimizi na siafu wa Kongo, uliotokana na mikusanyo ya Herbert Lang na James Chapin, waliofanya kazi kaskazini-mashariki mwa Kongo kati ya mwaka 1909 na 1915.

Kutoka gome hadi ghala

Spishi chache zimeacha gome na kumfuata binadamu. Majina yao ya kisayansi yanaisimulia safari hiyo vizuri. Oryzaephilus ni neno la Kigiriki lenye maana ya "mpenda mchele". Spishi yake moja inaitwa mercator, yaani mfanyabiashara, nayo hupendelea zaidi mbegu zenye mafuta kama karanga. Ahasverus advena hubeba neno la Kilatini la "mgeni". Oryzaephilus surinamensis, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, hutambulika kwa meno sita kila upande wa kifua, mfano wa makali ya msumeno. Mabaki yake yamepatikana hata katika maghala ya nafaka ya Warumi huko York, Uingereza. Ni dhahiri kwamba alianza kusafiri na nafaka zamani sana.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wadudu hawa si waanzilishi wa uharibifu. Oryzaephilus hana nguvu ya kutoboa punje nzima. Huingia katika punje iliyovunjika, katika unga, au katika tundu lililobunguliwa na fukusi. Ahasverus naye hula hasa ukungu. Kwa hiyo, kumwona huyu wa pili ndani ya ghala ni habari kwamba nafaka ina unyevu.

Hali ya Mahagi

Mahagi ina nyanda za juu zenye baridi kiasi, na pia mwambao wa Ziwa Albert, ambalo uso wake uko takriban mita 620 tu juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo ina maana kwa mdudu. Katika joto la nyuzi 30 hadi 35, Oryzaephilus surinamensis hukamilisha ukuaji wake kwa muda wa wiki tatu hivi. Chini ya nyuzi 17 hakui. Gunia linaloteremshwa kutoka milimani hadi Mahagi-Port huteremka pia kuelekea joto linalomfaa. Aidha, biashara ya mpakani na Uganda kupitia Goli hupitisha magunia, na mdudu hasimamishwi na forodha.

Zaidi ya hayo, tangu machafuko yalipozuka upya Djugu mwishoni mwa mwaka 2017 na baadaye kuigusa Mahagi yenyewe, familia nyingi zimeishi katika hali ya kukimbia. Mahindi yanayovunwa kwa haraka hayaanikwi ipasavyo, na punje hupasuka yanapopurwa kwa pupa. Unyevu na punje zilizovunjika ndiyo mambo mawili ambayo ukoo huu unayahitaji. Mwenye ghala anayedhani amevamiwa na fukusi atatumia fedha kununua sumu, ilhali dawa ya kwanza ni jua: kuanika hadi unyevu usizidi asilimia 13 au 14, kupeta, na kuondoa vumbi na punje mbovu.

Suala la istilahi

Kiswahili kina uwezo wa kutofautisha. Mdudu Prostephanus truncatus, mwenye asili ya Amerika ya Kati, alipogunduliwa Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima hawakungoja kamati ya istilahi. Walimwita Scania, kama lori. Jina lilienea kwa sababu hasara ilikuwa kubwa. Kwa Silvanidae hasara ni ya kimyakimya, na huenda ndiyo sababu hawakupata jina. Yamkini "mbawakawa bapa" lingefaa kwa ukoo mzima, "mbawakawa msumeno" kwa Oryzaephilus, na "mbawakawa wa ukungu" kwa Ahasverus. Istilahi hizi zimeundwa kwa maneno yaliyomo tayari katika lugha, na kila moja hutaja sifa inayoonekana au chakula cha mdudu.

Hitimisho

Silvanidae walio wengi ni wakazi wa msituni wasiomdhuru mtu, na wachache walio ghalani hufuata uharibifu ulioanzishwa na wengine. Kuwaita wote fukusi ni kumlaumu shahidi kwa kosa la mwizi. Jina linalofaa litamsaidia mwanafunzi darasani. Zaidi ya hapo, litamwambia mwenye ghala kwamba nafaka yake inahitaji kuanikwa kabla haijaoza.