Picha Moja, Lugha Nyingi: Sinema Fupi za Vugiri

Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu wa Paris picha fupi za sinema, ambazo kila moja haikufika hata dakika moja. Miaka arobaini baadaye picha fupi za namna nyingine zilitengenezwa katika nchi yetu, nazo zilikusudiwa kutazamwa na Waafrika wenyewe.

Kazi hiyo ilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, tangu 1935 hata 1937. Fedha zilitoka hasa katika Shirika la Carnegie la Marekani. Mpigaji picha mkuu alikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa zamani meneja wa mashamba ya mkonge. Mwenziwe, Bwana G. C. Latham, alishughulika na upande wa elimu. Zilitengenezwa picha zipatazo 35, nazo zilihusu kilimo, afya, kodi na mengineyo. Moja ilieleza faida ya Benki ya Posta: mfanyakazi mmoja anafukia mshahara wake chini, nao unaibiwa, mwenzake anaweka wake benki, nao unasalimika.

Sasa tutazame jinsi picha hizo zilivyosemeshwa. Filamu yenyewe ilikuwa bubu. Maneno yalitiwa katika santuri, ikapigwa wakati picha inapoonyeshwa. Faida yake ni dhahiri: filamu ile ile iliweza kusema Kiswahili, Kiganda, Kijaluo, na hata Kisukuma, lugha ya wengi wetu hapa Bariadi. Ilitosha kubadili santuri tu.

Lakini njia hiyo ilikuwa na taabu yake. Picha na santuri zilipaswa kuanza pamoja na kwenda pamoja. Filamu ikikatika, fundi huondoa kipande kilichoharibika na kuunga. Tuseme mtambo unapitisha vipicha 24 kwa sekunde moja: vikiondolewa vipicha 24, picha hutangulia na sauti hubaki nyuma kwa sekunde nzima. Hapo mtu huonekana amekwisha funga mdomo, nayo sauti yake ndiyo kwanza inasikika!

Taabu kubwa zaidi haikuwa ya mtambo. Waigizaji walikuwa Waafrika, lakini wageni ndio walioamua ni somo gani lifundishwe. Waliamini pia kwamba watazamaji wetu hawawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, wakazifanya ziende polepole. Basi lugha ilikuwa yetu, bali shauri halikuwa letu.

Mwaka 1937 fedha zilikwisha, na serikali za kikoloni hazikukubali kuendeleza kazi. Leo zimebaki picha chache tu, zinazotunzwa Uingereza. Miongoni mwazo ni ile ya minyoo ya safura na ile ya mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro.

Wasomaji, siku hizi simu moja ya mkononi hunasa picha na sauti pamoja. Wazee wetu wa Simiyu wanajua habari za kilimo, ng'ombe na ngoma ambazo hazijaandikwa popote. Anayetaka kuwapiga picha na awaombe ruhusa kwanza, kisha awaulize wao wenyewe wanataka kusema nini. Hilo ndilo lililokosekana Vugiri, wala halihitaji fedha.